Solenoidi ya mashine nzito inasumbua? Pitia dalili kwanza kabla hujanunua mpya

Malalamiko ya solenoidi yanafanana sana, iwe ni ekskaveta, loda, greda au buldoza. Mashine inaunguruma vizuri ila hainyanyui kitu, au asubuhi inapiga kazi mchana inagoma, au fyuzi inakatika kila ukigusa swichi. Na wengi wanakimbilia jibu moja, nunua mpya. Inafungwa, inafanya kazi siku mbili tatu kwa sababu tu soketi ilichomolewa ikachomekwa tena na pini zikajikwangua kidogo, halafu tatizo linarudi palepale na hela imeshaenda. Koili kuungua kupo kweli, ila nyaya, soketi na arthi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chasi) ndo vinaongoza kwa mbali, kwa hiyo kwenye kila dalili hapa chini nimeanza na sababu inayotokea sana nikamalizia na zile za nadra.

Kitu cha kushika kichwani: koili ikipata umeme inakuwa sumaku, sumaku inavuta chuma cha ndani, chuma kinasukuma spuli (kile kipande kinachoteleza ndani ya vali kufungua njia ya mafuta), mafuta yanapita. Basi maswali yako ni matatu tu na yaende kwa mpangilio huo huo. Umeme unafika? Sumaku inatokea? Chuma na spuli vinatembea? Ukiruka la kwanza ukaanza kufungua vali utapoteza siku nzima na utaingiza uchafu kwenye mfumo.

Kabla hujagusa chochote

Baketi, bledi, kila kinachoning'inia kilale chini kabisa. Mashine ya matairi iwekee kabari. Zima injini, halafu weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha, leva ya usalama ikiwa kwenye nafasi ya kazi, peleka leva zote pande zote mara kadhaa ili presha iliyobaki kwenye akumuleta (chupa inayohifadhi presha) ya pailoti, yaani mfumo mdogo wa mafuta unaoamrisha vali kuu, iishe. Kisha legeza kifuniko cha tanki la haidroliki polepole. Presha ya pailoti kwenye ekskaveta nyingi ni kama bar 30 mpaka 40, ile ya pampu kuu inapita bar 300, hiyo sio ya kuchezea.

Usipapase kwa mkono kutafuta mafuta yanapovujia. Tumia kipande cha boksi gumu au ubao. Mafuta ya presha yanapenya ngozi kupitia kitundu kidogo sana, unaona kidoa tu na mwanzoni unaweza usisikie maumivu ya maana, lakini ndani nyama inaharibika na mtu anaweza kukatwa mkono. Ikitokea ni hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni mafuta ya haidroliki yaliyopenya kwa presha, usisubiri kivimbe.

Lingine, opareta au msaidizi akikaa kabini wakati unapima, mkubaliane kabisa nani anagusa nini. Watu wengi wanaumia kwa sababu vali imefunguka ghafla na mtu yuko kwenye bawaba ya bumu (ule mkono mkubwa wa mashine).

Vipimo vyenyewe

Mashine nzito nyingi ni za volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Zikiwa zimejaa na injini imezimwa utasoma kama 25.2. Ukisoma 24.0 au chini ya hapo betri zimeshuka sana, zishughulikie kwanza maana utapima uongo mpaka jioni. Injini ikiwaka utegemee 27.5 mpaka 28.5 hivi.

Sasa kuna kosa moja linapoteza watu wengi sana, ni kupima volti kwenye soketi ikiwa imechomolewa, mita inaonyesha 25, fundi anasema umeme upo kwa hiyo solenoidi ndo mbovu. Mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu ndani utaonyesha 25 vizuri kabisa, ila ukiupa kazi unaanguka. Chukua balbu ya volti 24 wati 21, ile ya indiketa ya lori, iunge nyaya mbili, ichomeke sehemu ya solenoidi. Inavuta karibu ampea 0.9, ambayo ni karibu sawa na solenoidi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Ikiwaka kwa nguvu, njia ya umeme na arthi ni nzima. Ikiwaka hafifu kama mshumaa, tatizo liko kwenye waya hata kama mita inasema nini. Hii ni kwa solenoidi za kuwasha na kuzima tu, zile zinazoendeshwa na kontrola (kompyuta ya mashine) kwa mapigo usizipime hivi, nitazifikia.

Koili yenyewe pima omu ikiwa imechomolewa. Nyingi za volti 24 za kuwasha na kuzima zinasoma kati ya 20 na 60, namba halisi iko kwenye manual ya mashine yako. Ikisoma mwisho wa skeli imekatika ndani, ikisoma omu mbili tatu imepiga shoti. Halafu pima kutoka kila pini kwenda kwenye bodi ya koili, hapo isisome chochote. Kumbuka shaba ikipata joto omu zinapanda, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo koili inayosoma 30 ikiwa baridi kusoma 39 ikiwa na nyuzi 100 ni kawaida.

Na bisibisi. Sogeza ncha yake kwenye nati inayoshika koili, msaidizi abonyeze swichi, injini imezimwa ufunguo ON. Sumaku ikitokea utaisikia bisibisi inavutwa na kunata. Kipimo cha sekunde tano na kinajibu swali la pili lote.

Dalili: injini inawaka vizuri ila leva zote hazifanyi kitu

Hii inaripotiwa sana kwenye ekskaveta. Kuna solenoidi ya kufungia pailoti, inaendeshwa na ile leva ya usalama pembeni ya kiti. Ukiishusha swichi inaunganisha, koili inapata umeme, mafuta ya pailoti yanaenda kwenye leva. Ukiipandisha umeme unakatika na kila kitu kinakufa. Imetengenezwa hivyo makusudi, umeme ukikosekana mashine isifanye kazi.

Anza na fyuzi, ila itoe uipime, usiiangalie kwa macho tu, kuna inayovunjika kwenye mguu wake ambapo huoni. Ikiwa nzima nenda kwenye swichi ndogo iliyo chini ya leva ya usalama. Hiyo inakula vumbi, matope ya viatu, inapigwa mateke kila opareta akipanda na kushuka, na mara nyingi bracket yake imepinda kidogo kwa hiyo leva ikishuka haiibonyezi mpaka mwisho. Ibonyeze kwa kidole ufunguo ukiwa ON, ukisikia solenoidi inagonga "tak" kule chini basi swichi ni nzima, rekebisha bracket tu.

Kama kimya, chomeka balbu kwenye soketi ya solenoidi. Haiwaki au inawaka hafifu, fuata waya. Sehemu ya kuangalia kwanza ni pale fungu la waya linapotoka sakafu ya kabini kwenda kwenye vali, maana kabini inatikisika na fungu linasuguana na kingo ya bati. Nje unaweza kuona tepu imechakaa kidogo tu, ukiifungua unakuta waya mmoja ganda limeliwa upande mmoja, shaba imekuwa nyeusi na ukiuvuta taratibu unanyooka kama uzi wa mpira, maana ndani umeshakatika na ganda tu ndo limeshika. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, unga kwa kubana, funika na mrija wa kusinyaa kwa joto, halafu funga fungu lisiguse bati tena. Kusokota kwa mkono na kuzungushia tepu hakudumu kwenye mashine inayotetemeka, utarudi.

Balbu inawaka vizuri, koili ina omu sahihi, sumaku ipo, ila bado leva zimekufa? Hapo sio umeme tena, ni pampu ya pailoti, filta yake au spuli imenata.

ONYO: usiunganishe hii solenoidi moja kwa moja kwenye betri ili kazi iendelee. Najua kazi inakuwa imesimama na kila mtu anapiga kelele, lakini ukifanya hivyo leva ya usalama haina maana tena, opareta akishuka koti lake likigusa leva bumu linazunguka na mtu yuko chini. Watu wamekufa kwa hili.

Dalili: inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inakata, ikipoa inarudi

Hii inachosha kwa sababu fundi akifika mashine imeshapoa na kila kitu kinapima vizuri. Sababu kwa mpangilio:

Pini za soketi zimelegea au zina kutu ya kijani. Chomoa, angalia kwa tochi, pini ya kike ikiwa imepanuka haishiki na joto na mtetemo vinaiachanisha. Chukua pini ya kiume ya saizi hiyo, iingize peke yake, inatakiwa ikabe kidogo wakati wa kuitoa. Ikitoka yenyewe, badilisha pini. Angalia pia mpira wa soketi, ukiwa haupo au umepasuka maji ya kuoshea mashine yanaingia moja kwa moja. Safisha kwa dawa ya kontakti, kausha, paka grisi ya umeme kidogo kwenye mpira.

Arthi. Solenoidi kadhaa zinaweza kuchangia boliti moja ya arthi kwenye chasi, chini yake kuna rangi na kutu. Weka mita kati ya hasi ya betri na pini ya arthi ya solenoidi huku solenoidi ikiwa inafanya kazi, ukisoma zaidi ya nusu volti fungua hiyo boliti, kwangua mpaka chuma cheupe, kaza. Kama vitu viwili au vitatu visivyohusiana vinagoma kwa pamoja, mimi naanza hapa moja kwa moja.

Koili inakatika ndani ikipata joto. Pima omu ikiwa baridi, andika. Pima tena mara tu inapogoma, kabla haijapoa. Kama 30 imekuwa 39 hiyo ni joto la kawaida, kama imekuwa mamia au mwisho wa skeli koili ni mbovu, hapo nunua bila wasiwasi.

Ya mwisho ni spuli inayonata mafuta yakipata joto, hiyo umeme utakuwa mzima muda wote.

Ukikosa kabisa, washa ufunguo uwe na balbu imechomekwa, halafu tikisa fungu la waya kuanzia soketi kurudi nyuma, sentimita chache chache. Balbu ikipepesa umefika. Waya mwingine unakatika tu pale bumu likiwa limenyanyuka kwa sababu fungu linavutika, hapo usisimame chini ya bumu lililoshikiliwa na mafuta peke yake, lazima liwe na kizuizi cha chuma.

Dalili: fyuzi inakatika

Usiweke fyuzi kubwa zaidi na usiweke waya badala ya fyuzi, mashine zinaungua kabisa kwa huo mchezo. Chomoa solenoidi zote za fyuzi hiyo, weka fyuzi mpya. Ikikatika bado, shoti iko kwenye waya. Isipokatika, rudisha solenoidi moja moja, ile inayoikata ndo yenye shida.

Kwa shoti ya kwenye waya toa fyuzi, weka ile balbu kwenye nafasi yake, solenoidi zote zikiwa zimechomolewa. Balbu itawaka kwa nguvu na hutachoma fyuzi hata moja. Tikisa, chomoa soketi za katikati moja baada ya nyingine, balbu ikizima umeshapita sehemu ya shoti. Angalia sana karibu na egzosi, kwenye klipu za chuma na pale waya unapopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira.

Kama koili ni mpya na fyuzi ilianza kukatika siku ilipofungwa, angalia kama ina diodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Koili zenye diodi zina chanya na hasi, ukigeuza nyaya unakuwa umepiga shoti. Zisizo na diodi hazijali. Na usifunge koili isiyo na diodi mahali palipokuwa na yenye diodi, ikizimwa inarudisha mshtuko wa volti nyingi unaoua swichi au kontrola.

Dalili: koili mpya inaungua tena na tena

Pima chaji kwanza. Oltaneta ikitoa volti 30 na kupanda, koili ya 24 inapata joto karibu mara moja na nusu ya kawaida. Pili soma maandishi ya koili, ya volti 12 kwenye mfumo wa 24 inapata joto mara nne, na kwa macho zinafanana kabisa. Tatu, nati iliyokazwa kupita kiasi. Ule mrija wa ndani ni mwembamba, ukiukaza kwa nguvu unavutika na chuma cha ndani kinakwama, kaza kwa kipimo cha manual tu.

Dalili: injini inazunguka haishiki, au inashika ila ukiachia ufunguo inazima

Kwa injini zenye solenoidi ya kukata dizeli ya nyaya tatu. Ndani kuna koili mbili, moja ya kuvuta inayokula makumi ya ampea kwa muda mfupi sana, nyingine ya kushikilia inayokula ampea moja hivi. Kuachia ufunguo na kuzima mara nyingi ni waya wa kushikilia, haupati umeme ukirudi ON. Haivuti kabisa ila ukiisukuma kwa mkono inabaki, ni koili ya kuvuta au rilei yake. Na ikiungua kila mara angalia fimbo inayounganisha na pampu, chuma lazima kiingie mpaka mwisho kabisa, kikibaki hata milimita mbili haishikilii, na aina nyingine zina swichi ndani ambayo haitakata koili ya kuvuta, kwa hiyo inaungua. Rekebisha urefu wa fimbo kabla ya kuweka mpya.

Injini isiyozima ukitoa ufunguo ni hiyo hiyo imekwama upande wa pili. Tafuta leva ya kuzimia ya mkono kabla haijakulazimu.

Dalili: stata inagonga tu

Tak-tak-tak haraka haraka ni betri zimeshuka au vichwa vya betri vimelegea. Ikigonga mara moja tu kwa uzito kisha kimya, weka mita kwenye nati mbili kubwa za solenoidi ya stata mtu akiwasha. Ukisoma chini ya nusu volti kontakti ni nzima, shida ni stata au injini imekwama. Ukisoma karibu volti zote za betri, kontakti za ndani zimeungua. Usipige shoti stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini karibu na tairi au cheni, mashine ikiwa kwenye gia inaondoka na wewe ndo uko mbele yake.

Dalili: mashine imekuwa nzito, inashtuka au inalemea injini mpaka inataka kuzima

Hizi mara nyingi ni solenoidi za kupimia, za pampu au gia, ambazo kontrola inazipa umeme kwa mapigo, sio moja kwa moja. Omu zake huwa ndogo, zingine 7 mpaka 14, kwa hiyo ukiziunga betri moja kwa moja zinaungua. Pima omu na waya tu, basi.

Soma kosa kwenye skrini. Mashine nyingi zinatumia namba ya FMI (inayotaja aina ya hitilafu) ya mfumo wa J1939, ambao ni lugha ya pamoja ya kompyuta za mashine: 5 ni waya umekatika au umeme hautembei, 6 ni umeme umezidi au waya umegusa arthi, 3 ni volti juu kuliko kawaida, 4 ni volti chini, 7 ni umeme uko sawa ila kitu hakijibu kwa mwendo. FMI 5 anza na soketi, 6 anza na waya ulioliwa, 7 acha nyaya nenda kwenye spuli na mafuta.

Hapa acha, ita fundi wa mashine

Solenoidi ya breki au usukani. Kontrola haitoi umeme ingawa waya ni mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Makosa mengi yametokea kwa pamoja baada ya mtu kuchomelea bila kutoa betri na soketi za kontrola. Waya umeyeyuka au kuna moshi. Spuli imenata na kuifikia lazima ufungue mwili wa vali kuu. Na popote ambapo kipimo kinataka bumu libaki juu na huna kizuizi.

Akija mpe namba ulizoandika: volti ya betri injini imezimwa na ikiwaka, omu za koili ya baridi na ya moto, volti ya upande wa arthi, FMI iliyosomeka, na kama bisibisi ilinata au haikunata.